Chozi Aliyegeuka Kasuku

Chozi ni ndege mdogo sana, mdomo wake mwembamba umepinda kama ndoana. Wako wanaomfananisha na yule wa Marekani anayeelea hewani akifyonza maua, lakini huyu wetu hupenda kutua kwanza.

Likizo ya Agosti, mishubiri ya nyanya ilipochanua, nilimvizia kwa simu ya mama. Siku ya kwanza nilipata jani tupu. Ya pili, mkia. Ya tatu, hamadi! Akatua, nikabonyeza. Lo! Picha ilitoka nyeusi tititi kama kaa la moto lililozimika.

Nikaongeza mwangaza, nikakoleza kijani, nikaufuta na waya wa kuanikia nguo uliokuwa nyuma yake. Wenzangu wakaisifu mno. Nyanya akavaa miwani, akatazama weee, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kasuku huyu umemtoa wapi?"

Nilinywea. Kumbe kijani cha chozi si kama rangi ya kupaka. Hung'aa kwa jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Jua likiwa nyuma yake, huonekana mweusi. Simu haikukosea, ni mimi niliyesimama pabaya.

Kesho yake nilipiga magoti, jua likinichoma mgongoni, hata nikampata. Safari hii nilikata kingo tu. Waya niliuacha. Nyanya alicheka, akataka kuonyeshwa tena.

Ile ya kasuku sijaifuta. Wenzangu bado wanaipenda kuliko hii.