Choo cha Sungura

Sungura wa hadithi ni hodari wa hila. Humdanganya simba, humchezea fisi shere, na jioni hurudi kwake akicheka. Lakini yule ni sungura wa mwituni. Sungura wa kufugwa ni mnyama mwingine kabisa, ijapokuwa wote wawili wamepewa jina moja. Asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, na huko porini huchimba mashimo marefu ardhini, wakakaa humo wengi pamoja. Sungura wa mwituni wa Afrika hana shimo. Hulala katika nyasi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Watoto wa yule wa kufugwa huzaliwa uchi tena vipofu, kwa kuwa mama yao amekwisha waandalia shimo na kitanda cha manyoya aliyoyanyonyoa kifuani pake.

Basi mnyama akaaye shimoni hana budi kuwa na desturi moja: asichafue mahali alalapo. Hata akiletwa nyumbani kwa watu desturi hiyo haimtoki. Huchagua pembe moja, akaenda kukojoa hapo kila siku. Mwenye kumfuga akitia chombo katika pembe hiyo, kazi karibu imekwisha. Iliyobaki ni kujua chombo gani, na hapo ndipo wengi wakosapo.

Katika milima ya Usambara palikuwa na mvulana mmoja wa darasa la sita, aliyekaa na bibi yake, mfinyanzi wa vyungu. Mjomba wake alimpa sungura jike, mweupe. Kwanza alimweka nje katika kizimba, lakini usiku wa tatu siafu walikuja, na kama bibi hangaliamka kwa mlio wake, asubuhi ingalikutwa mifupa. Tangu usiku ule sungura akahamia jikoni. Mara akachagua pembe yake, nayo ilikuwa karibu na mtungi wa maji.

Bibi akasema, “Mjukuu wangu, jiko hili si zizi. Nikikuta mkojo hapa tena, Jumapili tutamla kwa ndizi.”

Wala hakusema kwa mzaha, kwa maana nyama haikuwa nyingi katika nyumba ile.

Mvulana akatwaa debe la mafuta ya taa, akalipasua kwa urefu, akapigapiga kingo zake kwa jiwe zisikate. Juu yake akatandika wavu wa chuma, ili mkojo na mavi vianguke chini naye apate kumwaga bila kushika uchafu. Bibi aliusifu werevu huo. Sungura akaingia siku ya kwanza na ya pili. Baadaye akawa akisimama kando ya debe, akikojoa chini. Mvulana alimgombeza. Hata siku moja alipombeba aliona nyayo za nyuma zimenyonyoka manyoya, na ngozi imekuwa nyekundu kama iliyochubuliwa. Mbwa na paka wana nyama ngumu chini ya miguu, lakini sungura hana; ana manyoya tu. Akikaa juu ya chuma au sakafu ngumu kwa muda mrefu, manyoya huisha na vidonda huingia. Maskini yule hakuwa mkaidi. Alikuwa akikimbia maumivu.

Wavu ukatupwa. Mvulana akaenda kwa seremala, akapata sanduku kuukuu lililopakwa rangi ya kijani, na pamoja nalo maranda ya mtarakwa, ule mti mwekundu unukiao kama penseli. Jiko likanukia vizuri hata bibi akafurahi. Walakini harufu impendezayo mtu huenda ikamdhuru mnyama. Ile ni mafuta ya mti yanayopanda hewani. Sungura akiyavuta usiku na mchana humwasha pua na mapafu, na ini lake hutaabika katika kuyaondoa mwilini. Maranda ya msonobari ambayo hayajakaushwa vema kwa moto ni vivyo hivyo. Baada ya siku chache sungura alipiga chafya, macho yakamtoka machozi, na manyoya ya mikono yake yakashikamana kwa maji, kwa sababu alikuwa akijifuta pua. Zaidi ya hayo, ukingo wa sanduku ulikuwa umetafunwa. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, kwa hiyo hutafuna kila akutanacho nacho, na rangi za zamani aghalabu zilitiwa risasi, ambayo ni sumu.

Sasa bibi akatoa shauri lake. “Tia majivu. Chooni kwetu tunatia majivu, na harufu hukoma.” Mvulana akatia majivu ya jikoni, tele. Siku mbili harufu haikuwapo kweli. Siku ya tatu bibi mwenyewe alimwinua mnyama ili afagie, akamwona anarusha miguu. Akaitazama: kati ya vidole palikuwa pamechomeka. Yule mama mzee aliwahi kupika sabuni kwa maji ya majivu. Alijua jinsi maji yale yanavyokula ngozi ya mikono. Mkojo ulikuwa umefanya majivu yale kuwa maji ya sabuni. Akanyamaza kitambo, akamwosha miguu kwa maji safi, akamkausha kwa kanga yake. Habari ya ndizi haikutajwa tena.

Kesho yake alikanda udongo. Alimwita sungura wa watu alale sakafuni, akampima kwa shibiri toka pua hata mkia, akafinyanga sinia pana ambalo mnyama angeweza kugeuka ndani yake bila kujikunja. Ukingo wa mbele haukupita vidole vitatu, apate kuingia bila kuruka; wa nyuma ulifika shibiri moja, kwa sababu sungura huinua mkia akojoapo, na mkojo huruka. Ndani alilisugua kwa kokoto mpaka likang'aa, ili maji yasinywewe upesi. Akachoma masinia mawili, moja litumike, la pili likauke juani. Udongo ni mzito, haupinduki, hauna ncha, nayo meno hayauwezi.

Ndani hawakutia kitu cha ajabu: nyasi kavu za ukoka, tele, zilizoanikwa vema zisiwe na ukungu. Sungura hupenda kula huku akijisaidia, kwa hiyo kila kitiwacho chooni mwake kiwe kitu ambacho akikila hakitamdhuru. Mvulana akachanganya humo nyasi kidogo zilizolowa mkojo na punje chache za mavi, mnyama apate kujua ni mahali gani. Jioni ile ile alijua. Nyasi zilibadilishwa kila asubuhi, kwa maana mkojo ukilala hutoa mvuke uwashao pua. Mkojo wa sungura pia una chokaa, iliyotoka katika majani ayalayo. Chokaa hiyo huganda nyeupe chini ya chombo, na maji matupu hayaiondoi. Juisi ya ndimu iliiondoa.

Mambo mawili yalimtisha yule mvulana, nayo hayakuwa ya kutisha. Siku moja mkojo ulikuwa na wekundu. Majani mengine huleta rangi hiyo. Siku nyingine aliona sungura ameinama akila kitu kilichotoka chini ya mkia wake. Sungura hutoa mavi ya namna mbili, makavu ya mviringo, na mengine laini ambayo huyala yakiwa bado na moto, ili tumbo liyasage mara ya pili. Morot, daktari wa wanyama wa Ufaransa, aliieleza habari hii mwaka 1882. Amkatazaye hufanya kosa.

Sinia lilifaa kwa jambo jingine ambalo hakuna aliyeliwaza. Asubuhi moja mvulana alikuta nyasi kavu na safi. Hapakuwa na punje hata moja. Tumbo la sungura likisimama, huweza kufa kwa siku moja au mbili. Akachuma ukoka mbichi, akaketi naye asubuhi yote akimlisha jani moja moja na kumpa maji, akimsugua tumbo polepole. Shuleni hakwenda, akapata adhabu kwa hilo. Magharibi palionekana punje tatu, ndogo, kisha nyingine.

Tangu siku ile bibi ndiye aliyetangulia kuamka. Huwasha moto, hulivuta sinia karibu na mwanga, hulitazama. Halafu humwaga nyasi chafu kwenye migomba na kulitoa sinia nje juani.