Matunda Damu na Kikombe cha Chai

Katika mtaa wa Dallas mjini Embu, mwanamke akiambiwa kliniki kwamba damu yake ni kidogo, hazipiti siku mbili kabla majirani hawajamletea dawa yao. Dawa yenyewe ni matunda damu. Atashauriwa ayamenye, ayaponde, ayachuje na kunywa maji yake asubuhi na jioni, kwa kuwa kinywaji chenye wekundu kama ule hakiwezi kuingia mwilini kisigeuke damu. Ndivyo alivyoambiwa mama mmoja wa mtaa huo, mjamzito wa miezi saba, aliyepimwa akakutwa na gramu 9 za hemoglobini kwa desilita moja ya damu, ilhali mjamzito hutarajiwa kuwa na gramu 11 hivi. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, watoto wawili, na mume aliyechukua mizigo sokoni. Alikuwa pia na tembe za madini ya chuma alizopewa kliniki, nazo zilikuwa zikimchafua tumbo. Kwa hiyo ushauri wa majirani ulimjia kama faraja. Ikiwa tunda laweza kufanya kazi ya tembe, tembe ni za nini?

Swali hilo si la kuchekwa. Mwanamke mwenye upungufu wa damu akivuja damu wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumvusha. Anayemjibu kwa dharau na anayemjibu kwa kumfurahisha wote wawili wanachezea uhai wake.

Wala haifai kudhani kwamba imani ya kutibu kwa matunda ni upuuzi wa mitaani. Mabaharia wa Vasco da Gama walipofika Mombasa mwaka 1498 wakiwa wameugua kiseyeye, maradhi ya ufizi kuvimba na kutoka damu, mfalme wa mji huo aliwapelekea machungwa, malimau na miwa. Waliporejea kutoka Bara Hindi mapema mwaka 1499, wengi wao wakiwa wamekufa njiani, jambo moja waliloliomba Malindi lilikuwa machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Pwani yetu basi iliwahi kutoa dawa hiyo miaka mingi kabla James Lind, daktari wa meli za Uingereza, hajaijaribu kwa utaratibu mnamo 1747. Kilichokuwa kikitibu ni kile tunachokiita leo vitamini C.

Turudi kwa matunda damu. Asili ya mti wake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, lakini umestawi vyema katika sehemu za juu za Embu, huko Manyatta na Runyenjes, ambako baridi ya Mlima Kenya inaufaa. Ama maembe hutoka upande wa chini, Mbeere, ambako jua ni kali. Soko la Embu liko katikati ya dunia hizi mbili, na mkazi wa Dallas hupata matunda ya pande zote kwa mwendo wa miguu. (Mwanafunzi wa isimu angefurahi pia kusikia kwamba katika sehemu za Mlima Kenya neno matunda, likitajwa peke yake, aghalabu humaanisha karakara tu.)

Je, tunda hili lina damu? Gramu 100 zake hazina hata miligramu moja ya chuma, na mjamzito huhitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Wekundu wake ni rangi ya mmea, wala hauhusiani na rangi ya damu. Kwa vikombe vya asubuhi na jioni, mama yule asingefika. Hata hivyo, gramu hizo 100 zina takriban miligramu 30 za vitamini C, na hapo ndipo majirani walipoukaribia ukweli bila kuujua. Chuma kilichomo katika maharagwe, mchicha na mahindi ni kigumu kufyonzwa na utumbo. Vitamini C hukigeuza kiwe katika hali inayoyeyuka na kupita kwa urahisi. Tunda halileti damu. Humsaidia mlaji wa githeri kukipata chuma ambacho tayari kimo katika sahani yake, ambacho kingepita bure. Lakini sharti liliwe au linywewe pamoja na chakula. Likinywewe peke yake asubuhi, halina mlango wa kufungua.

Anayeufunga mlango huo ni chai. Embu ni nchi ya chai; mashamba yake yamepanda hadi ukingoni mwa msitu wa mlima, na hakuna mlo unaohesabiwa kuwa umekwisha bila kikombe. Kumbe tanini zilizomo katika chai hukishika chuma cha mimea na kukizuia. Mama yule alikuwa akizimeza tembe zake kwa chai ya maziwa, tena ya moto, ili zisimchafue tumbo. Muuguzi alipolisikia hilo hakumgombeza. "Mama, chai usiiache," alimwambia, "ila iache ikae mbali na tembe na chakula, saa moja au mbili. Tembe zimeze na hayo maji ya matunda."

Kuyatengeneza hakukuhitaji mashine. Aliyamwagia matunda manne maji ya moto kwa dakika chache, ganda chungu likavuka lenyewe, akayaponda kwa mwiko ndani ya sufuria na kuyapitisha katika chujio la chai. Akaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa. Juisi yenyewe hakuichemsha, kwani moto huiharibu vitamini C, wala hakuilaza, kwani hewa nayo huipunguza. Sukari ndiyo iliyomtia majaribuni, maana tunda hilo lina ukali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, huihesabu hata sukari ya asili iliyomo katika maji ya matunda miongoni mwa zile za kupunguzwa. Ndiyo maana nusu kikombe chatosha, na watoto ni heri wapewe tunda zima lenye nyuzi zake.

Hapa Kiswahili chetu nacho kina lawama. Tulikuwa na sharubati, tukalipokea juisi, na sasa neno hilo moja hubeba maji ya tunda lililopondwa na pia unga wa rangi na sukari unaokorogwa katika jagi. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimletea mama yule chupa ya "juisi" yenye picha ya tunda. Isitoshe, mapera huanguka na kuoza penye miti yake kwa kuwa ni ya bure, ilhali pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa.

Mwezi uliofuata kipimo kilisoma 10.1. Majirani walisema ni matunda damu. Muuguzi alisema ni tembe. Mwenyewe aliendelea na vyote viwili, na chai akaihamishia saa kumi jioni, jambo ambalo mumewe alilinung'unikia hadi mtoto alipozaliwa.