Hasamba: Rizki Inayopita Hewani

Msafiri anayetoka Mbeya kuelekea Tunduma kwa barabara kuu ya TANZAM hupita Mlowo, kisha Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Malori yaendayo Zambia na Kongo hufuatana usiku na mchana. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Sisi tuliiacha lami, tukapanda bodaboda kuingia Hasamba, kata ya Wilaya ya Mbozi, nchi ya Wanyiha, yenye udongo mwekundu, migomba, mahindi na mibuni.

Uchumi wa huku ni wa jembe. Mkulima huchuma kahawa, huimenya na kuianika, akaipeleka AMCOS na kungoja malipo. Anayengoja malipo ya msimu ana watoto wasiongoja: ada, dawa, sare. Katika pengo hilo ndimo vijana wa Hasamba wanamotafuta riziki mpya, ile inayopita hewani.

Tusidhani kwamba riziki hiyo ina sura moja. Ya kwanza tuliyoiona ni ya steshenari: chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja na benchi la wateja. Hapo kijana humjazia mwenzake maombi ya mkopo wa elimu ya juu, humfungulia akaunti katika Ajira Portal, humwombea mzee namba ya mlipakodi na mama cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Serikali imehamishia huduma nyingi mtandaoni, na asiye na kompyuta humlipa mwenye nayo. Sura ya pili ni ya wauzaji: maharage, mahindi, kuku na nguo hupigwa picha, zikatumwa katika makundi ya WhatsApp hadi Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam. Ya tatu ndiyo ngumu zaidi, nayo ni kufanya kazi ya mteja wa ng'ambo: kutafsiri, kuandika maneno ya sauti iliyorekodiwa, kupanga takwimu au kuchora nembo.

Ukiisoma ramani, Hasamba haiko mbali na dunia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita mkoani humu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao unafika Tunduma na kuungana na Zambia. Lakini bomba kubwa kupita mbele ya nyumba si sawa na maji kuingia mtungini. Kutoka kwenye mkongo hadi simu ya kijana kuna mnara, na mnara hutaka umeme. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, betri za mnara huisha, na kata nzima hunyamaza. Jioni, watu wote wanaporudi kutoka shambani na kushika simu, mtandao huwa kama njia nyembamba siku ya gulio.

Ni haki kusema kwamba juhudi zipo. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchini kote. Hata hivyo, mambo mengine hayako mikononi mwa kijiji. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mteja aliye London hajui habari hizo. Anachojua ni kwamba kazi aliyoahidiwa Ijumaa haikufika.

Kisha liko suala la kulipwa. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania iliweza kutuma fedha, lakini haikuweza kupokea. Kwa hiyo vijana wamelazimika kuzunguka kwa njia nyingine, kila daraja na makato yake: anakata mwenye tovuti, anakata mbadilishaji wa fedha, anakata mtandao wa simu, na wakala wa mwisho naye ana haki yake. Asiyeyahesabu makato hayo hudhani amepata, kumbe amebaki na bando tu.

Katika nyumba tuliyofikia, suala hili lilikuwa la moto. Mwana, aliyehitimu chuo na kukaa miaka miwili bila ajira, alimwomba baba yake auze ng'ombe mmoja kati ya wawili ili anunue kompyuta mpakato. Mama alikuwa upande wa mwanawe. Mzee alisita.

"Mwanangu," alisema mbele yetu, "ng'ombe namwona akila majani. Hiyo kazi yako naiona wapi?"

"Baba, hata mimi bado sijaiona yote," kijana alijibu kwa adabu. "Lakini miezi mitatu hii nimeifanya kwa kompyuta ya steshenari, na nimeandika kila shilingi."

Hofu ya mzee ilikuwa na mizizi. Mapema mwaka 2025 polisi waliwakamata watu kadhaa kuhusiana na mpango ulioitwa LBL, ambao watu waliambiwa walipe kiingilio, watazame matangazo kwenye simu, wavute wengine, na faida ingewajia kila siku. Mpango wa namna hiyo hauzalishi kitu. Faida ya wa jana ni mtaji wa aliyeingia leo, na siku wapya wanapokwisha, wa mwisho hubaki mikono mitupu. Fedha za kahawa na ada za watoto hupotelea humo. Ongeza michezo ya kubeti, ambayo ni kamari hata ikivaa nguo ya programu ya simu, na utaelewa kwa nini mzazi akisikia "pesa ya mtandaoni" moyo wake hushtuka.

Hapa ndipo sheria ya dini yetu inapokuwa taa. Swali la kwanza kwa kijana liwe: unauza nini? Kama ni kazi ya mikono yake au bidhaa iliyopo, na mnunuzi anajua anacholipia, hiyo ni biashara kama za sokoni. Kama hakuna kinachouzwa isipokuwa matumaini, hapo pana gharari na kula mali za watu kwa batili.

Na aliye kwenye halali naye achunge. Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua. Mtume (s.a.w) akamhoji kwa nini hakuiweka mbichi juu watu waione, kisha akakemea vikali udanganyifu. Picha ya simu ni juu ya lundo. Anayepiga picha maharage mazuri na kutuma yaliyoliwa na wadudu ameficha unyevu uleule, na mnunuzi aliye Dar es Salaam hana mkono wa kuingiza ndani ya gunia.

Daftari la kijana lilisomwa baada ya swala ya Isha. Lilikuwa na mapato, bando, kodi ya kompyuta, makato, na siku ambazo umeme ulikosekana. Kilichobaki hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa kweli. Mzee aliuliza maswali mengi, hasa kuhusu siku zilizoachwa wazi. Mwishowe alikubali ng'ombe auzwe baada ya mavuno, kwa sharti kwamba miezi iliyobaki daftari liendelee, sehemu ya bei inunue paneli ndogo ya jua na betri, na shamba lisiachwe. Kijana aliinamisha kichwa, akashukuru. Ng'ombe wa pili alibaki zizini kuwa akiba ya nyumba.

Tunaona katika uamuzi ule mwongozo kwa familia nyingi. Mzazi asikatae asichokijua, wala asikitolee mali kabla ya kuona hesabu. Kijana aanze na kifaa cha kuazima au kukodi, na mteja amweleze mapema hali ya mtandao wa kwao, ili ahadi yake iwe ya ukweli. Binti anayeweza kutafsiri au kushona na kuuza akiwa nyumbani apewe muda na utulivu kama anavyopewa kaka yake.

Na misikiti yetu, hata ile midogo ya wilaya ambamo Waislamu ni wachache, ina nafasi. Chumba cha madrasa hukaa kitupu saa nyingi za mchana. Paneli za jua, kompyuta mbili na mwalimu mwaminifu vinatosha kuanzia, na sadaka ya namna hiyo itaendelea kumfikia mtoaji kila mara mtu anapopata riziki yake ya halali, Insha Allah.