Likizo Isiyo na Hesabu

Sisi wa Kwashemshi ni watu wa mkonge, na siku tunajua kuzihesabu. Enzi za mkoloni mkata mkonge alipewa kipande cha siku 30. Ukienda shamba, siku yako inatiwa alama, usipoenda, haitiwi. Kipande kikijaa ndipo ulipwe. Kila ukipumzika, mshahara unasogea mbele.

Sasa huko Marekani ziko kampuni, Netflix mojawapo, zilizoacha kuhesabu siku za likizo. Mfanyakazi apumzike atakavyo, na mshahara uko palepale. Rafiki yangu akasema, "Bwana wee, hiyo si pepo hiyo!"

Mimi nasita. Baba yangu mdogo aliajiriwa na tajiri mmoja wa duka aliyemwambia, "Likizo? Wewe ukitaka sema tu." Miaka minne hakupata hata wiki. Kila akifungua mdomo, kuna mzigo unaingia. Bibi alipozidiwa, aliomba siku tatu kama mtu anayekopa. Akaambiwa angoje Jumamosi. Alifika tumeshazika.

Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, kwa malipo, sikukuu zikiwamo. Utasema 28 ni chache mbele ya "utakavyo". Sawa, lakini 28 zinadaika. "Utakavyo" utaidai kwa nani, na utadai ngapi?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mapumziko ya mtu ni mali yake.