Nahodha wa Wageni

Wageni wengi niliowabeba katika maisha yangu ya kazi walitoka Bukavu. Walifika Uvira wamechoka na njia: wameteremka Ngomo, wamepita Kamanyola, wamekatiza bonde la Ruzizi kwa Luvungi, Sange na Kiliba, na kila waliposhuka joto lilizidi kuwapanda mwilini. Swali lao la kwanza lilikuwa lile lile: "Papa, hapa kuna nini cha kutazama?" Uvira haina makumbusho wala ngome ya kale. Ina milima ya Mitumba iliyosogea karibu na maji hata mji ukakosa upana, ukabaki na urefu tu; na ina Tanganyika. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba anayejua kulionyesha ziwa hili hakosi la kuonyesha.

Kazi niliianzia mwaloni Mulongwe, kijana wa kuvuta nyavu za ndagala katika boti ya baba mdogo. Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa, samaki wanapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, basi wavuvi hupumzika, na ni siku hizo za mapumziko tulipopata nafasi ya kubeba watu. Tuliwapeleka wafanyabiashara na mizigo yao Kalundu, bandarini, vinakoshusha na kupakia vyombo vya Kalemie, Kigoma na Mpulungu. Wengine walitaka kutembea tu juu ya maji, warudi. Baba mdogo hakuwapenda hao, aliona wanapoteza mafuta ya moteri. Mimi niliwapenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu walikuwa wakiuliza.

Aliyenifungua macho ni mfanyakazi mmoja wa Centre de Recherche en Hydrobiologie, CRH kama tunavyoiita, kituo cha utafiti wa ziwa kilichoko hapa hapa Uvira. Watafiti wa Kijapani walikuwa wakija kufanya kazi na wenzao wa CRH, na boti zilihitajika. Siku moja tukiwa Luhanga, kusini ya mji, kwenye mawe, yule mzee alinivua kofia, akanivisha miwani ya kuzamia, akasema, "Mwanangu, unaendesha boti juu ya kitu usichokijua. Inama."

Niliinama. Nilikuwa nimekula samaki wa ziwa hili tangu utoto, sangala, mikeke, kuhe, nikidhani nimewajua wote. Chini ya mawe ya Luhanga niliona wengine kabisa: wadogo kama kidole, wenye mistari, wengine wakipapasa mwani juu ya jiwe, wengine wakilinda watoto wao kwa ukali, kila mmoja na kiwanja chake. Yule mzee akanieleza kwamba Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ziwa lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, lakini kwenye vilindi hakuna oksijeni. Uhai wote huo umebanana katika tabaka la juu, na wale wa mawe wamejipanga kandokando, mahali ambapo mtoto anaweza kuwafikia kwa kuogelea.

Nitakaa kidogo kwa samaki mmoja, maana sijawahi kumwonyesha mgeni asishangae. Huyu anaishi kwa kula magamba ya wenzake. Anamnyemelea mwenzake kwa nyuma, anachomoka, anang'oa magamba ubavuni, anakimbia. Mdomo wake umepinda. Baadhi yao umepinda kuelekea kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto; wengine umepinda kushoto, nao hushambulia ubavu wa kulia. Mwaka 1993 Michio Hori, mtafiti wa Japani, aliandika katika jarida la Science kwamba makundi hayo mawili hupokezana wingi kila baada ya miaka michache. Wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa hujifunza kulinda ubavu wa kushoto. Wa kushoto nao hupata mwanya, wanashiba, wanaongezeka. Hivyo hakuna upande unaoumaliza mwingine. Habari hiyo imesomwa na wanafunzi wa biolojia duniani kote, nayo ilitoka katika maji ya pwani hii yetu. Mtoto wa Uvira anayeijua ni wa kutafuta kwa taa, na jambo hilo linaniuma.

Mbele ya Luhanga kuna Bemba, wengine huita Pemba. Huko yuko samaki mweusi mwenye mshipi wa rangi ya chungwa katikati ya mwili, anayetafutwa na wafugaji wa samaki wa urembo Ulaya na Asia. Huko pia maji ya moto hububujika kutoka sakafu ya ziwa. Safari hiyo huifanya asubuhi mapema tu, kwa sababu kiangazi upepo wa kusini ukiamka, mawimbi hayana adabu.

Wageni wengi, hata hivyo, walitaka viboko. Kwa viboko tunaelekea kaskazini, Kavimvira, hadi karibu na mdomo wa Ruzizi, mpakani na Burundi. Kabla ya kufika unaona maji ya mto, ya rangi ya udongo, yakiandamana na ya ziwa bila kuchanganyika, na mstari wa mapovu na majani unaelea kati yake. Hapo nilikuwa nikipunguza moteri. "Papa, sogea kidogo," mama mmoja wa Bukavu aliniomba, simu mkononi, viboko wanapiga miayo mbele yetu. Nikamjibu, "Hapana mama, hapa ndiyo mwisho." Kiboko haonekani anapozama, na mitumbwi mingi imepinduliwa. Nahodha anayesogea ili apewe dola tano za ziada anauza roho za watu.

Tukiwa tumesimama hapo niliwasimulia habari za mto wenyewe. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitumaini kuukuta mto unaotoka ziwani kwenda kaskazini, uwe ndio chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia mto unaingia, hautoki. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kuangalia kwa macho yao, wakakuta ni kweli. Kila nikiisimulia habari hiyo nawatajia wageni wenyeji wale kwanza, kwa sababu jibu lilikuwa lao.

Oktoba 1996 vita vilifika Uvira. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama, watafiti waliondoka, boti nyingi ziliibwa. Miaka hiyo nilibeba wakimbizi, na sitaieleza hapa.

Ziwa lenyewe lilitushambulia baadaye. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu. Kisha Tanganyika ikaanza kupanda. Maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, kule Kalemie. Mvua ikizidi, mlango huo hautoshi. Wazee walikumbuka mwaka 1964 yalipopanda vivyo hivyo. Kalundu iliingiwa na maji, barabara ikakatika. Plaji nilizokuwa nikipakilia wageni zimelala chini ya maji pamoja na kuta za watu waliojenga hadi mchangani, wakaufunga ufuo kwa mageti kana kwamba ziwa lina mwenyewe. Nafunga boti leo kwenye nguzo ya iliyokuwa veranda ya mtu.

Maji yakishuka, viwanja hivyo vitagombaniwa tena. Nimesimama katika mikutano ya mtaa nikasema, na nitaendelea kusema: kiachwe kipande cha mchanga kisicho na ukuta, wavuvi waanike ndagala, maharusi wapige picha, mgeni apate pa kukanyaga maji bila kulipa getini. Mji wenye ziwa hili na usio na mahali pa kulifikia umejinyima chakula ukiwa jikoni.

Tangu Bukavu ilipotekwa, Februari 2025, wageni wa huko wamekuwa adimu, kwa hiyo nimegeukia watu wa hapa. Mwalimu wa shule ya jirani amekubali kuniletea watoto wake kwa zamu, wachache wachache, kila mmoja na jaketi la kuokolea. Miwani ya kuzamia nimeinunua ng'ambo, Bujumbura. Ameniuliza kama watawaona viboko. Nimemwambia hapana, tunakwenda kusini, Luhanga, na waje na kalamu.