Wikiendi ya Mawe, Ziwa na Pampu Mbovu

Tulitoka Mwanza kwenda kusherehekea miaka 7 ya ndoa. Gari ikaamua tusherehekee chini ya mti, Lamadi.

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuiona Mwanza alfajiri ukiwa Kapripointi, iweke kwenye mipango yako ya mwaka huu. Jua linachomoza nyuma ya vilima vya mawe, ziwa linatoka kwenye kijivu linakuwa la fedha, wavuvi wa dagaa wanarudi na mitumbwi yao, na pale Kamanga Jiwe la Bismarck limesimama majini utadhani kuna mtu kalipanga kwa mkono. Si bure wenyewe wanaiita Jiji la Miamba.

Lakini Ijumaa ile mimi sikuwa naangalia ziwa. Nilikuwa naangalia dashibodi.

Gari yetu ni Land Cruiser hardtop, ile ambayo Watanzania tunaiita Mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Injini ni 1HZ ya dizeli, silinda 6, lita 4.2. Muulize fundi yeyote Nyakato, atakwambia injini hiyo haifi. Aliiacha baba mkwe wangu alipofariki, na kwa mume wangu ile si gari tu, ni mzee wake. Ndiyo maana nilinyamaza pampu ya dizeli ilipokufa mara ya kwanza. Ilipokufa ya pili, miezi 8 baadaye, nilinuna. Nikamwambia ikifa ya tatu tunaiuza. Akasema haifi.

Haya, twende.

Barabara ya Musoma

Mpango ulikuwa mtamu. Watoto tumewaacha kwa shangazi yao Nyegezi, simu za ofisini tumezizima (tuseme ukweli, tumezipunguza sauti), na mbele yetu kuna siku tatu: usiku mbili kando ya Ghuba ya Speke, na Jumamosi kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Watu wengi wanadhani kwenda hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1951, lazima uzungukie Arusha. Wapi! Ukiwa Mwanza unashika barabara ya Musoma, lami tupu, unapita Igoma, Kisesa, Magu na Lamadi, na baada ya saa mbili na kitu lango liko hapo hapo kando ya barabara. Ukibahatisha kati ya mwezi wa 5 na wa 7, nyumbu nao huwa wanapita ukanda huu wa magharibi.

Tulisimama Kisesa, tukachepuka hadi makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na padri David Clement. Kama unampenda mtu na hujui umpeleke wapi, mpeleke Bujora. Kuna ngoma za watemi, kuna nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa zamani, na ukifika Juni wakati wa Bulabo utawakuta Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, wakishindana kuvuta watazamaji. Kila kundi linacheza kwa wakati mmoja na mwenzake. Anayeachwa bila watu ndiye kashindwa. Mume wangu alicheka akasema kama sisi tukigombana mbele ya watoto. Nilicheka pia. Safari ilikuwa bado nzuri.

Tulipita Magu. Kitu kama nusu saa mbele, kwenye kilima kidogo tu, gari ikaishiwa nguvu. Unakanyaga mafuta, haiitiki. Ikakohoa, ikazima.

Tukashuka. Mume wangu akafungua boneti, akapiga ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, akasubiri. Baada ya kama dakika kumi akawasha. Ikawaka kama vile hakuna kilichotokea! Tukaenda kilomita kadhaa, ikazima tena. Tukasubiri, ikawaka. Hadi tunaingia Lamadi tulikuwa tumesimama mara nne, na ndani ya gari hakuna aliyekuwa anaongea.

Nani wa kulaumiwa?

Kwa mwaka mzima sisi tulikuwa na majibu tayari. Kwanza, kituo cha mafuta. Si unakumbuka enzi za uchakachuaji? Wajanja walichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa ile tofauti ya bei. Huku ziwani iliuma, maana karabai za kuvulia dagaa usiku zilikuwa zinakunywa mafuta hayo hayo. Siku hizi taa za betri na sola zimejaa mitumbwini, lakini neno kuchakachua limebaki, na kila gari ya dizeli ikikohoa mtu anasema, "Umechakachuliwa."

Hofu hiyo si ya bure. Pampu ya dizeli haina oili yake yenyewe kwenye injini kama yetu. Dizeli inayopita ndani ndiyo inayoilainisha. Ndani kuna pistoni moja inayozunguka huku ikisukuma, na hiyo moja inagawa mafuta kwa silinda zote 6. Nafasi kati ya chuma na chuma ni mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Mafuta ya taa ni mepesi mno kulainisha kitu cha namna hiyo. Maji ndiyo mabaya zaidi, na punje ya kutu inakwangua kama msasa.

Wa pili wa kulaumiwa alikuwa fundi wa gereji tuliyokuwa tunaitumia mjini. Wa tatu, sitakuficha, alikuwa mume wangu.

Chini ya mti

Lamadi ni mji wa njia panda, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Malori, mabasi, samaki, bodaboda. Kijana wa bodaboda alituongoza hadi kwa mzee mmoja mwenye gereji isiyo na ukuta wala bango, ila mti mkubwa na masanduku mawili ya spana. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye trekta aliyokuwa anaifunga. Alipomaliza akaja, akatusikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza swali ambalo fundi wa mjini hakuwahi kutuuliza.

"Ikizima, mkisubiri kidogo inawaka?"

"Inawaka."

"Basi pampu haijafa. Pampu iliyokufa haifufuki kwa kupumzika. Inakosa chakula."

Akaomba chupa tupu ya maji ya kunywa. Akaingia upande wa filta, akafungua koki ndogo ya chini, akakinga. Kilichotoka hakikuwa dizeli, msomaji. Chini maji, katikati utelezi wa kahawia, juu ndiyo mafuta yenyewe. Akaiweka chupa juu ya boneti, sote watatu tukawa tunaiangalia.

"Tenki limeoza ndani," akasema. "Hii gari ilikaa bila kutembea?"

Ilikaa. Baada ya msiba ilipaki miaka miwili Kirumba, mita chache kutoka ziwani, tenki likiwa nusu. Mzee akatueleza taratibu. Tenki lenye nafasi tupu linavuta hewa yenye unyevu. Usiku kukiwa na baridi unyevu unageuka matone, matone yanashuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji yanapokutana na mafuta vinaota vidudu, ndiyo ule utelezi. Na chuma kinashika kutu. Ukitembea, kutu inatibuka, inaziba mdomo wa bomba la kunyonyea. Gari inazima. Ukisubiri, kutu inashuka, gari inawaka. Ile laini zaidi inapenya hadi kwenye pampu, hasa kama filta ni feki.

"Mngebadilisha pampu hata kumi," akasema. Kisha akauliza, "Hii mliyofunga mlinunua shilingi ngapi?"

"Milioni moja na laki nane," akajibu mume wangu, haraka, kama mtu anayejibu fundi.

Kisha akakumbuka nipo.

Mimi niliambiwa laki sita.

Mficha maradhi

Sikusema kitu pale. Mzee alijua, wazee wanajua. Akajifanya anatafuta spana. Tulichukua chumba kwenye gesti, tukaagiza sato wa kukaanga na ugali, na sato wa Lamadi ni mtamu hata ukiwa na hasira. Tulipomaliza kula ndipo nikauliza hela ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye akaunti ya kiwanja cha Buswelu. Akiba ya miaka mitatu, yetu wote. Alisema alijua nikisikia bei nitasema tuuze gari ya mzee wake, na yeye hakuwa tayari kunisikia nikisema hivyo. Kwa hiyo akanipa bei ambayo ningeimeza.

Ningependa kukwambia kwamba mimi nilikuwa malaika. Lakini kuna kitu na mimi nilikuwa nimekikalia. Muda mrefu kabla ya pampu ya kwanza kufa, siku niliyoiendesha mimi, ile taa ya njano ya maji kwenye dizeli iliwaka kwenye dashibodi. Niliipeleka gereji nikamwambia fundi, "Hii taa inanisumbua." Akaingiza mkono chini ya filta dakika mbili, taa ikazimika. Sikuuliza kafanya nini. Sikumwambia mume wangu. Mchana ule chini ya mti mzee alikuwa ametuonyesha waya wake: umekatwa, ncha zimefungwa kwa selotepu. Mume wangu alishangaa nani kafanya. Mimi nilitazama pembeni.

Nikamwambia usiku ule. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kwa hiyo wewe ulizima taa, mimi nikaficha bili."

Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Hatukulala vizuri, lakini tulilala tukiwa tumeambiana.

Ghuba ya Speke

Jumamosi mzee na vijana wake walishusha tenki. Sisi hatukwenda Serengeti. Tulipanda bodaboda hadi ufukweni, kwenye ghuba iliyopewa jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa hili Agosti 1858. Hakuna kiti cha kulalia wala mwavuli. Kuna akina mama wanaoanika dagaa, watoto wanaoogelea, mitumbwi iliyopindukizwa, na maji hadi macho yanapoishia. Tulikaa juu ya jiwe tukapiga hesabu zote kwenye daftari moja: pampu, kiwanja, mikopo midogo ambayo kila mmoja alikuwa nayo. Ilikuwa sherehe ya ajabu ya ndoa. Ila sikumbuki mara ya mwisho tulikaa saa nne bila mmoja wetu kushika simu.

Jioni mzee alitumwagia mbele yetu kilichokuwa tenkini: maganda ya kutu kiasi cha kujaza bakuli. Aliliosha tenki, akapuliza mabomba, akafunga filta halisi, akaunga waya wa taa, akatoa hewa kwenye mfumo. Pampu hakuigusa. "Litawafikisha nyumbani, lakini mtafute tenki jipya. Kutu ikishaanza haiachi," akasema. Malipo yake hayakufika hata robo ya kile nilichoambiwa kuwa ni bei ya pampu.

Kabla hujasafiri na dizeli

Kama na wewe una gari ya dizeli, haya ndiyo tuliyojifunza:

• Pampu ikifa mara mbili, usinunue ya tatu kabla hujafungua tenki. Tafuta kinachoiua.

• Mwaga maji chini ya filta kila mwezi. Kinga kwenye chupa ya kioo, iache itulie, uangalie.

• Gari ikipaki muda mrefu, hasa karibu na ziwa, iache na tenki limejaa.

• Dizeli ya kwenye madumu iwe ya dharura tu, na uichuje. Kwenye kituo dai risiti. Bila risiti huna pa kulalamikia.

• Taa ikiwaka, usimwambie fundi aizime. Mwambie akueleze kwa nini imewaka.

• Wenzi wote wawili waione bili. Hilo la mwisho halimo kwenye kitabu cha gari, nimeliongeza mwenyewe.

Tulifunga tenki jipya wiki mbili baadaye. Gari hatujaiuza, kiwanja tumeanza upya. Safari ya kwanza ya majaribio ilikuwa ya kwenda Sengerema, kupitia Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Zamani pale ulikuwa unasubiri kivuko, wakati mwingine hadi ukate tamaa. Sasa ni kama kilomita 3 za daraja juu ya maji, na Mkonga haukukohoa hata mara moja.

Siku hizi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mume wangu anakinga dizeli kwenye chupa, anaileta jikoni, anaiweka dirishani. Mimi nafungua daftari. Tunaiacha itulie wakati chai inachemka, halafu tunaiangalia pamoja.

Mwezi uliopita ilikuwa safi.