Kutoka Kipevu hadi Jego: Vipuri vya Ndege na Namba Zake

Safari hii naianzia Kipevu, upande wa bara wa bandari ya Mombasa, maana hapo ndipo habari ya ndege kuukuu za pwani hii inaposhikika vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kipevu ilikuwa kituo cha Catalina, ndege za Kimarekani za kutua majini. Kikosi cha 209 cha Jeshi la Anga la Uingereza kiliruka kutoka hapo, na cha 259 kiliundwa upya hapo hapo Februari 1943, kazi yao kubwa ikiwa kusaka nyambizi katika Bahari ya Hindi. Catalina ulikuwa muundo wa 28 wa kiwanda cha Consolidated, ndiyo sababu namba za vipuri vyake huanza kwa 28. Fundi anayefufua ndege ya zamani akiziona tarakimu hizo mbili kwenye bawaba ndogo iliyofunikwa unga mweupe, huithamini kuliko bawa zima lisilo na alama. Nami msimamo wangu ni huu: vipuri vya mabaki yaliyotupwa mbali na vichukuliwe vikafufue ndege nyingine, ila asiguse mtu spana kabla ya kuandika namba, mahali kipuri kilipolala, na kilikuwa kimeelekea wapi.

Ukishavuka kivuko cha Likoni na kushika barabara ya kusini, Ukunda na Diani hadi Msambweni, upepo wa bahari uko nawe karibu njia nzima, na upepo huo unawajibu wanaosema mabaki yaachwe yalivyo. Bati la ndege si alumini tupu. Limechanganywa na shaba kidogo ili liwe gumu, na shaba hiyo hiyo hulifanya liliwe upesi na chumvi. Tena limefungwa kwa boliti za chuma cha pua, na metali mbili zisizofanana zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, iliyo dhaifu huliwa. Mwishowe bati hufumuka tabaka tabaka kama chapati ya kukunja. Hakuna fundi mwenye akili atakayerusha bati la namna hiyo, lakini atalilaza mezani, apime matundu ya ribiti moja moja, akate jipya kwa kielelezo chake. Kulihifadhi kwa kuliacha kwenye mikoko ni kulipa chumvi muda zaidi. Na hata pakavu si salama. Ndege ya Kittyhawk iliyopotea Juni 1942 katika jangwa la Misri ilikaa miaka 70 karibu nzima. Ilipoonekana 2012 watu wakaanza kuibandua vipande, na baadaye ikapakwa rangi iliyowaudhi wajuzi.

Rubani wa ndege ile, Dennis Copping, yaelekea alitua akiwa hai, akaondoka kwa miguu, asionekane tena. Hapo ndipo penye pingamizi zito kuliko yote: mengi ya mabaki haya ni makaburi. Dakota ya East African Airways iliyogonga Kilimanjaro tarehe 18 Mei 1955 iliua watu wote 20 waliokuwamo. Sina jibu la kijanja kwa hilo. Palipokufa mtu, wachunguzi na jamaa watangulie, na wakikataa, basi. Waingereza wenyewe, kwa sheria yao ya 1986, hawaruhusu mtu kuchokora mabaki ya ndege ya kijeshi nchini mwao bila leseni. Sioni kwa nini mkusanyaji kutoka kwao aje huku na masharti mepesi zaidi.

Ramisi napita, ila kiwanda cha sukari kilichokufa 1988 hakipitiki bila neno, kwani kinaonyesha chuma kisicho na mlinzi huishia wapi. Mnunuzi wa vyuma chakavu hapimi historia, anapima kilo. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, ikairuhusu tena Mei. Ndege je? Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaihesabu meli iliyozama zaidi ya miaka 50 kuwa mnara wa kihistoria; inautaja mlango uliochongwa kabla ya 1946; na kitu cha kale kwake ni kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ndege ya 1943 haimo, mpaka waziri aitangaze kwenye gazeti rasmi. Mlango una bahati kuliko bawa!

Na tusiseme kazi ya kuandika kwanza haiwezekani kwetu. Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980: vitu vikaandikwa, vikatolewa, vikaingia makumbusho, na gofu la meli likaachwa chini baada ya kuchorwa. Utaratibu huo unaifaa ndege pia.

Mwingine atauliza ndege za wakoloni zinamhusu nini mtu wa Jego. Swali la haki, nalo hujibiwa na ndege yenyewe ikisomwa vizuri. Corsair, ndege ya abiria ya kutua majini ya Imperial Airways, ilishuka kimakosa kwenye mto Dungu, Kongo ya mashariki, Machi 1939. Ikapasuka, ikatengenezwa, ikapasuka tena, hadi ukajengwa ukuta wa kuinua maji ya mto, ikaruka Januari 1940. Ukuta ule ulijengwa kwa mikono ya wenyeji. Ukibeba ndege bila maelezo ya mahali, unawaacha hao nyuma.

Jego, jirani na Vanga na mto Umba, ni mahali pa kuipima hoja. Kwenye tope la mikoko, chuma kitaonwa kwanza na mvuvi wa kaa, si na mtaalamu mwenye kompyuta. Mvuvi huyo akijua kwamba bei pekee ni ya kilo, atakata. Hivyo atakayetaka kibali cha kusafirisha kipuri nje alazimishwe kumlipa aliyekiona, zaidi ya bei ya chuma chakavu, pesa itoke kabla kibali hakijatiwa sahihi, na nakala ya maandishi na picha ibaki Fort Jesus.